Mtoto wa Windmill Hill na wenyewe wake

Shangazi alisogeza uso karibu na kabati mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akaiweka sawa kanga yake chini ya koti la kuazima, akauliza kwa ile sauti ya chini ya watu walio msibani:

"Na wenyewe wako wapi?"

Ndani ya kabati amelala mtoto. Amelala kiubavu, amekunja magoti, mifupa mitupu. Mbavu zake zote zingeenea kwenye viganja viwili. Alikufa akiwa na miaka 3 au 4 hivi, enzi ambazo watu wa Uingereza walikuwa ndiyo kwanza wanaanza kulima na kufuga. Alifukuliwa mwaka 1929 kwenye handaki la kilima cha Windmill Hill, mwendo mfupi kutoka kijiji cha Avebury. Aliyeongoza uchimbaji huo, Alexander Keiller, ndiye aliyeachia jumba hilo la makumbusho jina lake.

Nilianza kumweleza Shangazi habari za miaka. Zaidi ya 5,000, nikamwambia.

"Sijauliza lini, mwanangu. Nimeuliza wenyewe."

Sikuwa na jibu. Shangazi amesharudi Iringa, mahindi yake yameshapanda juu, na mimi bado nalala na kuamka na swali lile.

## Tulifuata mawe

Hatukwenda kutafuta mifupa. Shangazi alitaka kuona "yale mawe ya Waingereza", nami nikamchagulia Avebury badala ya Stonehenge kwa sababu moja tu: kule Stonehenge mgeni wa kawaida huzunguka kwa mbali kwenye njia yake, lakini Avebury unalifikia jiwe, unaliegemea, unalipapasa.

Basi la 49 kutoka Swindon linakushusha ndani kabisa ya duara la mawe ya kale. Ndiyo, ndani. Kijiji kimekaa katikati ya mawe, na barabara inapita humohumo. Nyumba kadhaa zimejengwa kwa vipande vya mawe yenyewe, yaliyovunjwa karne ya 17 na 18 kwa kuyachoma moto na kuyamwagia maji. Ukipanda tuta unaliona handaki chini yako. Lilipochimbwa lilikwenda chini kama mita 9, kwenye mwamba mweupe wa chaki, na majembe yao yalikuwa pembe za paa. Jiwe moja karibu na mlango wa kaskazini linakadiriwa kuwa na zaidi ya tani 60, nalo halijawahi kuanguka tangu liliposimamishwa.

Shangazi alilipapasa jiwe mojawapo kwa muda mrefu. Lilikuwa na kuvu wa manjano na kijivu, na matundu ya mizizi ya mimea iliyoota kabla jiwe halijawa jiwe. Usawa wa goti palikuwa pamelainika, na manyoya ya kondoo yamenasa. Kondoo wanalisha katikati ya mawe siku zote, wakiwashwa wanajisugua hapo.

Akaniuliza habari za nguzo fupi za zege zilizochomekwa hapa na pale kwenye majani. Alidhani ni makaburi. Nikamwambia ni Keiller aliyeziweka, miaka ya 1930, kuonyesha mahali mawe yaliyopotea yalipokuwa. Akatikisa kichwa, kwa kukubali. Jambo la kumwekea alama asiyekuwepo alilielewa mara moja.

Na kuna habari ya yule mtu wa 1938. Wakati Keiller anayainua mawe yaliyozikwa zama za kati, chini ya moja wakamkuta mtu mwenye mkasi na sarafu za karne ya 14. Mifupa yake ikapelekwa London, na mwaka 1941 jengo lilipopigwa mabomu ikaaminika imeteketea. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaonekana, imo kwenye hazina ya makumbusho nyingine.

"Mtu mzima anapoteaje stoo?" Shangazi akauliza.

## Walioomba azikwe

Shangazi hakuwa wa kwanza kusumbuliwa na kabati lile. Mwaka 2006 kundi la Wadruidi wa leo, watu wanaofuata imani ya kuheshimu ardhi, misimu na wahenga wa nchi ile, waliomba mtoto arudishwe ardhini pamoja na mifupa mingine iliyofukuliwa eneo la Avebury. English Heritage, iliyokuwa taasisi ya serikali ya kulinda urithi, na National Trust, shirika linalomiliki sehemu kubwa ya ardhi ya pale, hawakuwafukuza mlangoni. Walitoa nyaraka, na mwaka 2009 wakakaribisha maoni ya umma. Aprili 2010 wakatoa uamuzi: mtoto abaki.

Sababu zao, kwa kifupi, zilikuwa mbili. Faida ya elimu kwa umma na kwa sayansi ni kubwa kuliko madhara ya kumweka. Na walioomba hawakuonyesha kwamba wanahusiana naye kwa karibu kuliko mtu mwingine yeyote.

Nimezisoma hoja hizo tena na tena na sitaki kuzipuuza. Meno ya mtoto yanasema umri wake. Kemikali ndani ya mfupa zinasema alikula nini na maji ya wapi aliyanywa. Kila baada ya miaka kadhaa kipimo kipya kinatokea, nacho kinafungua mlango ambao jana haukuwepo. Aliyezikwa upya kwenye udongo haulizwi tena.

Lakini ile sababu ya pili ndiyo iliyonikaa kooni. Kwamba ili maiti azikwe, lazima ajitokeze mtu wa kuthibitisha undugu.

Mimi ni mtoto wa Iringa. Undugu na mifupa tunajua unavyothibitishwa.

## Rula ya Bremen

Habari za Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, na kichwa chake kilichopelekwa Ujerumani hakuna msomaji wangu asiyezijua, kwa hiyo sitazirudia. Ninachotaka kukitazama ni kipengele kimoja, ambacho shuleni tulikipita mbiombio.

Mkataba wa Versailles wa 1919 ulitaja fuvu lile kwa jina na kuwataka Wajerumani walirudishe ndani ya miezi 6. Ilichukua miaka 35. Na Gavana Twining wa Tanganyika alipofika makumbusho ya Bremen mwaka 1953 hakukuta fuvu lenye kibandiko cha jina. Alikuta mafuvu mengi. Njia iliyotumika ilikuwa kupima: mafuvu yale yakalinganishwa na vipimo vya vichwa vya jamaa za Mkwawa walio hai, likatafutwa linaloshabihiana na lenye tundu la risasi. Hilo ndilo Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, alilokabidhiwa Kalenga, karibu na Iringa mjini, tarehe 19 Juni 1954.

Wapo wanaosema huenda si lenyewe. Wanahistoria wamelihoji wazi, na wana haki ya kulihoji.

Hata hivyo mtu akija Kalenga leo akasema tulirudishe Bremen hadi tuhakikishe, hatamaliza sentensi. Rula ilianza ile kazi, na waliolipokea wakaimaliza. Kuna watu waliosimama wakasema huyu ni wetu, wakabeba gharama na heshima ya kusema hivyo, na tangu siku ile fuvu lina watu.

Na hapa ndipo nilipokwama, maana fuvu la Kalenga nalo limo ndani ya kioo.

Tulipelekwa na mwalimu, madarasa mawili, tukapita mstari mmoja mmoja. Watalii nao wanafika. Hatukulizika. Tulilidai kwa nusu karne, tukalipata, tukaliweka kabatini.

Nilimuuliza Shangazi kwenye basi la kurudi Swindon. Kama kabati lile limemchoma moyo, mbona la Kalenga halimchomi? Alikaa kimya hadi tukapita kituo kizima.

"Kalenga tunakwenda kusalimia," akasema. "Huyu tumekwenda kumtazama."

Kwa siku kadhaa jibu hilo lilinitosha. Baadaye likaanza kupwaya. Wapo wanaofika Kalenga kutazama tu, na pale Avebury nilimwona mama mmoja wa Kiingereza ameweka mkono kifuani mbele ya kabati, midomo ikichezacheza. Kusalimia hakuna mpaka wa nchi. Tena kuna mafuvu ya kwetu ambayo hayasalimiwi na mtu. Mwaka 2023 makumbusho za Berlin zilimaliza utafiti wa mafuvu 1,135 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za Wajerumani. Mengi yametoka Rwanda, mengine Tanzania. Machache mno yalikuwa na dokezo la kutosha kulinganisha vinasaba na watu walio hai, na kwa mafuvu 3 jamaa wakapatikana kwetu, mmoja wa marehemu akiwa mshauri wa Mangi Meli, mtawala wa Wachagga aliyenyongwa na Wajerumani. Hao wana pa kwenda.

Yale mamia mengine tunayadai vilevile, bila jina wala kipimo. Tunasema ni ya kwetu kwa sababu ardhi waliyotolewa ni yetu. Naiamini hoja hiyo kwa moyo wote. Sasa nikiiamini kwa fuvu lisilo na jina la Rwanda, naiachaje kwa mtoto wa Windmill Hill?

## Damu ilipobadilika

Nilidhani jibu liko wazi: wenyewe ni Waingereza. Wanaishi pale, wanalima pale, mtoto ni wa ukoo wa mabibi zao.

Sivyo.

Mwaka 2018 jarida la Nature lilichapisha utafiti mkubwa wa vinasaba vya watu wa kale wa Ulaya. Ulionyesha kwamba kuanzia kama mwaka 2450 K.K. watu wapya waliingia Uingereza kutoka bara, na katika karne chache karibu asilimia 90 ya asili ya vinasaba vya kisiwa kile ikabadilika. Wakulima wa mwanzo, wale waliojenga makaburi ya mawe na kuchimba mahandaki ya Windmill Hill, walififia. Wao wenyewe walikuwa wageni, kizazi cha wakulima ambao mababu zao walitoka pande za Uturuki ya leo, wakaizunguka Mediterania hadi wakafika kaskazini.

Sababu ya kufifia kwao haijulikani kwa hakika. Maradhi, vita, au kuzaa kidogo mbele ya waliozaa sana. Kilicho wazi ni kwamba mama aliyemkunja mtoto yule magoti ameacha damu kidogo mno katika kijiji kinachomzunguka.

Jambo hili lilinipiga. Nimeishi nchi hii miaka mingi kama mgeni, na kwenye mahali pa kale kama pale ugeni huwa mzito zaidi. Unajiona umeingia chumba cha watu. Lakini mbele ya kabati lile, mkulima wa Wiltshire, mkoa wa pale, na mimi tunakaribiana sana. Hakuna kati yetu anayeweza kusimama na kusema kwa uhakika: mimi ni wa ukoo wake.

Nitoke kidogo nje ya njia, kwa sababu watu wetu husoma habari za mawe ya kale wakidhani ni mambo ya Ulaya peke yake. Magharibi mwa Ziwa Turkana, pahala paitwapo Lothagam North, wafugaji wa kwanza wa Kenya walijenga makaburi ya pamoja na kusimamisha nguzo za mawe kati ya miaka 5,000 na 4,300 hivi iliyopita. Ni zama zilezile za Avebury. Watafiti walikadiria mwaka 2018 kwamba wamezikwa pale watu wasiopungua 580, wanaume na wanawake, vichanga na wazee, karibu kila mmoja na mapambo yake. Sina cha kulinganisha hapo. Nataka tu ijulikane.

## Ndani ya West Kennet

Siku ileile, kabla ya kurudi, tulitembea hadi kaburi la kale la West Kennet. Unapita chini ya Silbury Hill, kile kilima cha kujengwa kwa mikono ambacho kimechimbwa mara kadhaa tangu 1776 bila kupatikana aliyezikwa ndani, kisha unavuka mto mdogo na kupandisha katikati ya shamba. Shangazi ana miguu ya milimani. Mimi ndiye niliyehema.

Kaburi ni tuta refu, kama mita 100, na mwisho wake wa mashariki kuna mawe makubwa na mlango nyuma yake. Ndani kuna vyumba vitano. Mtu anaweza kusimama wima. Kwenye nyufa za mawe watu wa leo wanaacha maua, mishumaa, nyuzi za rangi, masuke ya ngano. Shangazi alivitazama bila kugusa, kisha akatia mkono kwenye jiwe moja lililokuwa limelainika vibaya, laini kama bakuli la kaure.

"Hapa walinolea," akasema.

Ni kweli. Ni jiwe lililotumika kusugulia shoka za mawe kabla halijawa sehemu ya kaburi. Shangazi hakusoma hilo popote. Amekua na mwamba wa namna hiyo nyuma ya nyumba, wa kunolea mapanga na majembe.

Nilimsimulia waliyoyakuta wachimbaji wa 1955 na 1956. Mifupa ya watu zaidi ya 30, wengi wao, kwa vipimo vya baadaye, wakiwa wamewekwa ndani ya muda usiozidi kizazi kimoja hivi, kuanzia karibu mwaka 3650 K.K. Mifupa imechanganywa, mingine imepangwa kwa aina. Na mafuvu na mifupa ya mapaja ni michache kuliko inavyopaswa kuwa. Inadhaniwa walio hai waliingia wakaitoa.

"Wao wenyewe?"

Wao wenyewe.

Alinyamaza. Nami tangu siku ile sehemu hii ndiyo inayonipa shida kuliko zote, kwa sababu inavuruga hoja ya pande zote mbili. Anayesema "mrudisheni akapumzike milele" anawavika watu wale desturi ya kwetu ya kaburi lisiloguswa. Kwa baadhi yao, kukaa na mifupa ya wazee, kuitoa na kuirudisha, huenda ndiko kulikokuwa kuheshimu. Ukimpeleka mmoja wao Kalenga, huenda kabati lisimshangaze.

Lakini mtoto wa Windmill Hill hakufanyiwa hivyo. Handaki lile lilikuwa na mabaki ya karamu, mifupa ya ng'ombe, vyungu vilivyovunjika, na vipande vya mifupa ya watu vilivyotawanyika. Yeye aliwekwa mzima. Aliyemlaza aliona vema abaki hivyo, viungo vyote pamoja, magoti yamekunjwa. Hatuna neno hata moja la lugha yao. Mlalo ule ndio wosia pekee aliotuachia, na ulitekelezwa kwa zaidi ya miaka 5,000 mpaka mwaka 1929.

## Ningejibu nini

Mara nyingi nimejiwazia nimepewa ile fomu ya maoni ya 2009.

Ningeandika kwamba sikubali kigezo cha undugu. Kingetumika kwa haki, mtoto yule asingepata mtu kamwe, na kukosa kwake ndugu kungekuwa ndiyo sababu ya kumweka wazi. Kwetu kukosa ndugu humwongezea mtu madai, hakumpunguzii. Shangazi alinikumbusha kwa simu, wiki iliyopita, habari za utingo aliyefia barabarani karibu na Ilula, mimi nikiwa mdogo. Hakuwa na kitambulisho. Dereva hakumjua hata jina la baba. Mtendaji alisubiri siku zilizopaswa kusubiriwa, hakuna aliyejitokeza, na kijiji kikamzika. Wanaume walichimba, kina mama walipika, mzee mmoja wa kanisa aliomba, na kwa kuwa hawakujua dini yake, mwalimu wa madrasa naye akaitwa akaomba. Shangazi alikuwa miongoni mwa waliopika. Hakuna aliyeuliza kipimo.

Ningeandika pia kwamba sina haraka ya kumrudisha shimoni. Vipimo vifanyike, vikamilike, viandikwe, kwa muda uliowekwa na kutangazwa. Katika muda huo atolewe kwenye njia ya kila anayeingia na kuwekwa chumba chake, mlangoni pakiwa na maelezo, ili anayeingia aingie kwa kukusudia na anayetaka kupita apite. Muda ukiisha arudishwe Windmill Hill, kwenye handaki lake, alazwe kiubavu kama alivyokuwa. Nakala ya mifupa inaweza kubaki kabatini kwa watoto wa shule.

Kuhusu nani aseme neno siku hiyo, nimebadilisha mawazo mara nyingi. Wadruidi wana haki ya kuwepo, kwa sababu walijali mapema kuliko wengine. Wanaakiolojia pia, maana ndio waliomjua kwa karibu. Ila kazi yenyewe ningeipeleka kijijini. Avebury ina watu wanaoamka kila asubuhi katikati ya mawe yale. Baadhi ya familia za pale zilihamishwa na nyumba zao zikabomolewa ili duara lionekane vizuri, wakajengewa kwingine karibu, kwa hiyo wanajua kupishana na wafu kunagharimu nini. Maoni ya 2009 yaliitishwa kwa taifa zima. Mimi ningeanza kwa kugonga milango yao, mmoja baada ya mwingine, nikiuliza nani atachimba na nani atapika.